Mihuri mitatu ya kadi yako

Makorora, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Tangu uliponiambia kipimo cha kinga yako ya chanjo ya homa ya ini B kimesoma 4, na kinga inahesabiwa kuanzia 10, usingizi umenipaa. Alfajiri nimefungua sanduku nikatoa kadi yako ya kliniki. Bado imo kwenye ule mfuko wa nailoni, pembe moja imeliwa na mende. Mihuri mitatu ya chanjo hiyo, ya mwaka 2004, ipo yote. Nilikubeba mgongoni kwa miguu mpaka Ngamiani, sikuruka hata tarehe moja. Ndiyo maana uliposema "mwili wangu mbovu, mama", neno lile lilinichoma.

Si mbovu. Chanjo ya homa ya ini B haina kirusi kizima; ni kipande cha ganda lake tu, nacho hutengenezwa kwa hamira, ndugu wa hii ninayoumulia maandazi. Seli za ulinzi hukichukua kipande hicho zikazionyesha seli T, na hizo ndizo huziamuru seli B zitoe kingamwili, yaani silaha za mwili za kumkabili kirusi. Sasa wako watu ambao alama za seli walizorithi kwa wazazi hazikishiki vizuri. Seli T haziamki, seli B zinabaki kungoja amri. Hutokea kwa watoto kama 5 kati ya 100, wazima kabisa. Kama ni kurithi, basi umerithi kwetu, mama, hukukosea chochote.

Kingamwili hushuka mtoto akikua, lakini kumbukumbu hubaki. Sindano moja ya chanjo uliyochomwa chuoni ingeiamsha kama ingekuwepo. Haikuamsha kitu, ndiyo daktari wenu akasema umalizie zote tatu. Zimalize. Wengi huitika kwenye mzunguko huo wa pili.

Nashukuru sana kwamba kirusi chenyewe huna. Mjomba wako alikuwa nacho. Macho yaligeuka rangi ya binzari, tumbo likajaa maji, majirani wakasema karogwa. Alipokuja kupimwa, ini lilikuwa limekwisha.

Basi wodini usirudishie sindano kifuniko. Ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji, useme saa ile ile, usione haya: zipo kingamwili zilizo tayari za kuchomwa, na zinafaa zaidi ndani ya saa 24. Baada ya dozi ya tatu, mwezi mmoja au miwili, upimwe tena.

Kadi nimeipiga picha pande zote mbili, nakutumia leo. Yenyewe nimeirudisha sandukuni.

Mama yako