Litoe hilo jiko mashuani

Nairobi, Januari

Ndugu yangu Athmani,

Assalam aleikum. Barua yako nimeisoma hapa gereji, jua likichoma mabati, na ile picha ya mashua yako iliyoshikwa na barafu pande zote huko Stockholm imenikosesha raha. Barafu yenyewe ningeivumilia. Kilichonishtua ni ile habari kwamba usiku unaingiza jiko la makaa chumbani.

Tafadhali acha. Unakumbuka ile Julai tulipokuwa tumepanga Eastleigh, majirani wa chini walipolala na jiko, mlango wamefunga kwa ajili ya baridi? Tulizika baba na mtoto. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Unahisi kichwa kizito, unadhani ni uchovu, unalala. Na chumba cha mashua ni kidogo kuliko kile chetu, umeziba kila upenyo, na theluji ikianguka usiku itafunika hata tundu la hewa uliloliacha. Umeme si upo hapo gatini? Tumia hita ya umeme, hata bili ikiuma. Na ununue kengele ya gesi hiyo, uifunge karibu na unapolala.

Sasa injini. Hukuniambia kama ulitoa maji kabla baridi haijaingia. Kama hukutoa, usiiwashe! Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kama asilimia 9, na chuma hakitanuki kuyapisha. Tuliwahi kuletewa hapa injini ya mtumba kutoka nchi ya baridi, safi kwa macho, imepakwa rangi mpya. Tulipoiwasha, oili ikageuka chai ya maziwa. Ufa ulikuwa ubavuni mwa bloku, mwembamba kiasi kwamba ukucha uliuhisi kabla jicho halijauona. Basi pasha chumba cha injini taratibu kwa hiyo hita, kagua bloku, pampu na mipira yote. Ukiona ni nzima, funga kwanza valvu ya maji ya bahari, kisha uiwashe na kuivutisha kulanti, yaani dawa ya kuzuia maji yasigande, kutoka kwenye ndoo mpaka itokee kwenye ekzosi. Chukua kulanti ya propilini glaikoli. Ile ya ethilini ni sumu, na mwisho wake humwagika majini.

Usipime bahari ya huko kwa ya kwetu Lamu. Maji ya chumvi kamili huganda yakifika karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri, lakini Baltiki ina chumvi kidogo, ndiyo maana inaganda upesi.

Jambo jingine: vaa jaketi la kuokolea kila unapokanyaga gati, na uache ngazi ambayo mtu aliye majini anaifikia. Najua Shela nzima hakuna aliyekushinda kuogelea. Maji ya baridi hayajali hilo. Dakika ya kwanza pumzi inakurukaruka unameza maji, na baada ya kama dakika 10 vidole havishiki kamba.

Mwaka ujao ipandishe nchi kavu mapema. Wazee wetu kusi likichacha walivuta madau pwani, wakayapaka deheni, wakangoja.

Mama anakusalimu sana, anauliza utaoa lini. Akiba ikiwa ndogo, niambie. Hela ya kengele nitakutumia leo leo. Nijibu tu kwamba jiko limeshatoka.

Nduguyo,
Bakari