Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumuenzi Bi Mkubwa wa Mtaa Wetu, Mji Mkongwe

Wanachama wapendwa, Assalamu alaykum.

Mwaka huu kamati imeazimia kumuenzi mama aliyeongoza kazi ya kuzinusuru nyumba za mtaa wetu hapa Unguja. Mwenyewe ameomba jina lake lisiandikwe, nasi tunamtii. Kila mwanachama anamjua kama Bi Mkubwa.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa linalovuja. Beit al Ajaib, jumba kubwa la kisultani hapa Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, lilianguka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba zetu ni ndogo kuliko ile, ila mawe ni yale yale na chokaa ni ile ile.

Shida aliyoanza nayo Bi Mkubwa ilikuwa ya watu. Nyumba moja ina familia nne au tano, wengine wapangaji wa wakfu, wengine wa serikali. Kila mmoja hutengeneza chumba chake, na paa halina mwenyewe. Yeye alizikusanya familia zinazotumia ngazi moja, zikawa na mfuko mmoja wa paa, na daftari likakaa kwa mpangaji wa ghorofa ya juu, kwa sababu ndiye anayevujiwa kwanza. Kwa maoni ya kamati, hilo ndilo lililouokoa mtaa huu kuliko jingine lolote.

Ukaguzi aliouanzisha unaendelea kila Februari, kabla ya masika. Wakaguzi huanzia juu: bati, misumari iliyolegea, gata zilizojaa majani. Hufuata matangi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na likiwekwa katikati ya chumba boriti hupinda. Lisogezwe juu ya ukuta mnene. Miche inayoota kwenye nyufa ing'olewe ingali na majani mawili matatu. Mizizi ikishapenya ukutani, ukiivuta unaondoka na mawe.

Boriti za mkandaa, aina ya mikoko, huoza vichwani, pale zinapoingia ukutani na kunywa unyevu. Chukua msumari wa inchi 4 uusukume kwa mkono karibu na ukuta. Ukizama bila nyundo, boriti hiyo itiliwe mhimili siku hiyo hiyo.

Mwaka huu kuna kazi iliyoharibika, na inafaa isemwe. Ukuta mmoja wa chini ulipigwa lipu ya saruji ili kuwahi mvua. Kuta zetu hupumua: maji yanayopanda kutoka ardhini hutokea usoni mwa ukuta na kukauka. Saruji iliyazuia, unyevu ukapanda juu zaidi, chumvi ikatuna nyuma ya lipu. Sasa ukiugonga kwa vidole unasikika kama mtungi mtupu, na mahali pengine lipu imeshabanduka pamoja na uso wa jiwe. Itabidi ibanduliwe yote.

Lipu sahihi ni chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3. Mchanga usiwe wa pwani, maana una chumvi. Ukuta uloweshwe kwanza, kila tabaka lisizidi sentimita 1.5, kisha lifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa. Ikipigwa na jua kali mapema hubaki unga.

Fundi aliyeweka saruji hakuwa mjinga. Chokaa iliyoiva haikupatikana siku hiyo, na mvua ilikuwa mlangoni. Ndiyo maana, kamati ilipopendekeza kibao cha marumaru, Bi Mkubwa aliomba shimo la chokaa badala yake. Chokaa iliyochomwa itazimwa kwa maji, ichujwe, ikae chini ya maji miezi 3 au zaidi, na mwanachama yeyote achote anapohitaji.

Tunaomba mkutano mkuu uidhinishe mambo mawili: fedha za shimo, na mfuniko wa mbao wenye kufuli pamoja na uzio, kwa kuwa chokaa inapozimwa huchemka na kuunguza, na watoto wetu huchezea vichochoro vyote. Ikipitishwa, uchimbaji utaanza masika yakimalizika, na chokaa ya kwanza itakuwa imeiva kabla ya mvua za vuli.