Mheshimiwa, Turudishie Mbao Zetu Nne

Kwa Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima. Jina lako sitalitaja, wala ofisi yako. Barua 3 nilizokuandikia kwa jina na cheo kamili ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo muhuri huo ndio jibu pekee nililolipata. Safari hii nimeona nikuandikie hadharani, bila anwani. Huenda ikakufikia upesi zaidi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, yule mzee wa darubini anayeonekana alfajiri kando ya Mto Sabaki na kofia yake ya ukili. Tunajuana. Ulinishika mkono ukaniita "mwalimu wetu", tukapigwa picha.

Nianze na la Jumamosi iliyopita, maana ndilo lililonimalizia subira. Niliwachukua wanafunzi 11 wa gredi ya 7 kwenda kutazama ndege. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka darajani, pale barabara ya Malindi kwenda Lamu inapovuka mto, tukashika njia ya miguu ya kuelekea mlangoni, mto unapoingia baharini. Ilikuwa bamvua, siku za maji makuu. Maji yalikuwa yamejaa usiku na ndiyo kwanza yanaanza kupwa, kwa hiyo tulipofika kwenye ule mkono wa mto ambako zamani palikuwa na kidaraja, tulikuta maji ya kiunoni. Kiuno changu mimi, si cha watoto. Tukazunguka kupitia kwenye matete, kama anavyofanya kila mtu sasa.

Mvulana aliyekuwa mbele akasimama. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, lile jiwe linapumua."

Nikatazama. Jiwe likafumbua macho, likatikisa masikio mawili madogo, maji yakaruka. Kutoka pale hadi kwa mtoto hazikuzidi hatua kumi na tano. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa kwetu, huhitaji kuelezwa kiboko ni nini. Tulirudi kinyumenyume, polepole, huku nikiwahesabu kwa kuwagusa vichwa: tisa, kumi, kumi na moja. Msichana mmoja aliacha kiatu kwenye tope. Jioni mama yake alikuja kwangu na kile cha pili mkononi. Hakufoka. Alikiweka tu kizingitini, akaenda zake. Mpaka leo kiko pale, sijui nikifanye nini.

Najua utauliza, kama alivyouliza karani wako: kwani lazima mwende? Tena alicheka, akasema, "Hao ndege si wanaruka? Daraja la nini?" Sikumjibu siku ile. Ngoja nimjibu leo.

Vuli ndiyo majira yenyewe. Upepo wa kusi umelegea, wa kaskazi bado haujashika, na wageni wanaingia. Ndege wa Bukini, yaani Madagaska, waliokaa nasi tangu Aprili, wameshaondoka. Sasa ni zamu ya wanaokimbia baridi ya kaskazini. Yupo kitwitwi mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, uzito wake hata gramu mia haufiki, amezaliwa Siberia, huko juu kabisa karibu na Bahari ya Aktiki. Wakubwa wao hutangulia kufika tangu Agosti, wengine kifuani bado wana mabaka mekundu ya nguo zao za harusi. Maji yakipwa, tope la Sabaki linafunguka kama sinia, nao wanashuka kwa mamia na kudonoa bila kuinua kichwa, kama cherehani. Sululu, ndege mwingine wa mdomo mrefu, yeye hana haraka. Anamkamata kaa, anamtikisa mpaka miguu inakatika mmojammoja, anamsuuza majini, ndipo anammeza. Nimewahi kuwaona watoto arobaini wakinyamaza dakika nzima wakimtazama sululu na kaa wake. Nilifundisha miaka 34, na darasani sikupata dakika kama ile hata moja.

Ndege wanaruka, ndiyo. Mtoto wa Sabaki haruki.

Sasa nikukumbushe, kwa ruhusa yako, mwezi wa pili mwaka jana. Ulikuja na magari, hema likapigwa, viti vya plastiki vikapangwa hadi chini ya mikindu, maji ya chupa kila mtu yake. Ulituahidi njia iliyosafishwa, kibanda cha kutazamia ndege, vyoo viwili, waelekezi vijana 10 wapewe mafunzo na sare, na kidaraja kipya cha kudumu. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, niliandika yote kwenye daftari, ni mazoea ya kazi. Katika yote hayo kilichofika ni bango. Bango zuri, silikatai: upande mmoja ndege heroe, upande wa pili wewe unatabasamu. Jua limempausha heroe akawa mweupe kama yangeyange. Wewe rangi yako ingali nzuri.

Kuhusu kilichokibomoa kidaraja cha zamani, kila mtu ana lake. Wengine wanasema ni mafuriko. Wengine wanasema ni malori ya mchanga, yaliyopita karibu hadi ukingo ukalegea. Mimi naamini ni yote mawili, pamoja na udongo unaoshuka mwaka hadi mwaka kutoka bara. Huu ndio mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Huko juu unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ndiyo Sabaki. Mto Nairobi nao unamwagikia humo. Tunapokea tope la mashamba ya watu ambao hatujawahi kuonana nao, na vifuniko vya chupa za soda walizokunywa. Tope hilo ndilo linalowalisha ndege mlangoni, na tope hilohilo linakwenda kuyafunika matumbawe kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyowekwa tangu 1968. Hayo makubwa sikuulizi. Huwezi kuuzuia mto. Nimekuwa nikikuuliza habari ya kijito ambacho mtu mrefu anakivuka kwa kuruka maji yakiwa yamepwa.

Wala usinitajie bajeti. Nenda hori la Mida, kule karibu na Watamu, chini ya saa moja kwa matatu, ukaone watu wenye njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Mida si Ulaya.

Na sisi hatukukaa bure kusubiri. Hapa ndipo panaponiuma, naomba univumilie. Mwezi wa saba tulichanga. Wavuvi walitoa, mama muuza mahamri pale darajani alitoa, mimi nilitoa kwenye pensheni, ambayo nayo unajua inavyokuja ikijisikia. Tukanunua mbao 4 nzito na misumari, fundi akakubali kufanya kazi kwa chakula cha mchana. Mbao zilikaa juu ya kijito siku 2. Siku ya tatu wakaja askari wako, wakasema ukingo wa mto ni wa serikali, hakijengwi kitu bila kibali. Wakazing'oa, wakazipakia, wakaondoka nazo. Malori ya mchanga yalikuwa yakipita palepale wakati wanazing'oa. Labda yana kibali. Sijui, nauliza tu.

Nikaja kuomba kibali. Nikaambiwa nilete mchoro. Nikaleta mchoro. Nikaambiwa mchoro uwe wa mhandisi. Mhandisi wa mbao 4! Nikaambiwa basi nisubiri mradi mkubwa, ule wa kidaraja cha kudumu. Ndio nausubiri hadi sasa, goti langu la kushoto nalo linausubiri. Mwezi huu wageni wawili kutoka Watamu waligeuzia njiani tulipofika pale, nikawarudishia shilingi 1,500 zao. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa za dawa ya goti.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai 7. Nimeyafuta. Vyoo, acha. Kibanda, acha, tutakaa chini ya mkindu kama siku zote. Sare za vijana, acha, na vijana wenyewe wameshakwenda kuendesha bodaboda. Kidaraja cha kudumu kifungue siku unayotaka, na hema lako, nitakuja kupiga makofi safu ya pili.

Nataka mbao zetu.

Ziko nyuma ya ofisi yako, zimeegemezwa ukutani karibu na tangi la maji. Nilizichungulia Jumatatu kupitia uani. Tangi linavuja, na ubao wa juu umeanza kuota uyoga. Ukikaushwa juani bado unafaa. Sitaki gari wala barua ya kusindikiza. Mwambie askari afungue geti asubuhi yoyote kabla ya bamvua ijayo. Tutazibeba kichwani wenyewe.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mwalimu mstaafu, ukingoni mwa Sabaki