Mke wa Tolstoy naye apewe haki yake

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu Tolstoy, yule mwandishi wa riwaya wa Urusi, ilimwita mkewe mwanamke mgomvi. Mimi ni mpiga taipu mstaafu, na hilo limenikera.

Sofia aliolewa 1862 akiwa na miaka 18, bwana ana 34. Kabla ya harusi alikabidhiwa shajara za mchumba wake azisome: kamari, wanawake, kila kitu. Akalia. Miaka baadaye Tolstoy akaiingiza aibu ile ile katika riwaya yake Anna Karenina: Levin anampa mchumba wake Kitty shajara zake, na binti wa watu analia. Machozi ya mke yakawa ukurasa wa riwaya! Na miswada nani aliinakili kwa mkono? Huyo huyo Sofia, mama wa watoto 13.

Marehemu mume wangu naye aliandika hadithi. Usiku, harufu ya dagaa ikitujia kutoka soko la Mwaloni, mimi nilizichapa kwa karatasi ya kaboni. Siku moja nikakutana na maneno yangu ya ugomvi wa jana yake, hata nukta haikubadilishwa, yametiwa kinywani mwa mchawi. Nikaendelea kuchapa. Chai sikumpikia.

Mjane, Kirumba, Mwanza