Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Taka Zetu na Nishati Tunayoitaka

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Ada zimekusanywa, vikao vimefanyika, na hesabu atawasomea Mshika Fedha. Muda wangu nautaka kwa lile mlilotutuma: kuchagua teknolojia ya kugeuza taka za mji kuwa nishati.

Hamu yenu naielewa. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na miezi mitatu ya kiza iliyoanza Disemba 2009 hakuna aliyeisahau. Ndiyo maana wengi mlitaka tanuri kama la Reppie, Addis Ababa, lililozinduliwa 2018 kwa ajili ya kuchoma tani 1,400 za taka kwa siku.

Kamati iliona tuzijue taka kabla ya mashine. Tulitandika turubali kando ya soko la Mwanakwerekwe, tukamwaga taka za asubuhi, tukazichambua kwa mikono. Maganda ya ndizi, mchicha ulionyauka, matumbo ya samaki, makumbi ya madafu, yote yanachuruzika maji. Chupa za plastiki zilikuwa chache kuliko tulivyodhani. Mchanga ndio uliotushangaza kwa wingi, maana tukifagia uwanja tunazoa na ardhi yake. Muuzaji mmoja wa matanuri alikuja na picha za kupendeza, lakini tulipomuuliza mashine yake inastahamili unyevu kiasi gani, hakuwa na jibu.

Swali hilo ndilo linaloamua. Tanuri linataka kila kilo ya taka itoe joto la megajuli 7 hivi. Taka zikiwa rojorojo, utanunua mafuta ili uchemshe maji. Moshi nao lazima upite kwenye joto la nyuzi 850 kwa sekunde mbili ili sumu ziungue, na vichujio vyake ni ghali kweli kweli. Kisha majivu, yanayoweza kufika robo ya uzito wa taka, yatarudi kutafuta nafasi kwenye jaa la Kibele.

Kwa hiyo tunapendekeza bayogesi. Taka mbichi huozeshwa kwenye tangi lisiloingia hewa, vijidudu vikatoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, ndiyo inayowaka. Gesi hiyo hupikia au huendesha jenereta, na uji unaobaki ni mbolea kwa wakulima wetu. Makumbi hayaozi upesi, hivyo yakaushwe yawe kuni. Mchanga ndio adui: hutuama chini, tangi likapungua nafasi mpaka lisimamishwe na kukwanguliwa.

Kwa sababu hiyo sitakubali tutie saini mkataba wowote wa tangi kabla taka hazijaanza kutenganishwa. Naomba ridhaa yenu tuanzie kwa wauza mboga na samaki wa Mwanakwerekwe, ndoo mbili kila meza. Walio tayari kushika zamu ya kukagua ndoo wajiandikishe kwa Katibu kabla hatujaondoka hapa.