Kitoto cha mbwa kikimeza sindano, msivute uzi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wanaofuga mbwa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Kihonda, Morogoro. Wiki iliyopita Simba, mbwa wetu wa miezi mitatu, alimeza sindano ya mkono pamoja na uzi wake. Niligundua kwa sababu ncha ya uzi mwekundu, kama urefu wa kidole, ilikuwa inaning'inia pembeni mwa mdomo, huku akitokwa na udenda na kujikuna shingo.

Nilikwisha kuushika ule uzi niuvute. Namshukuru Mungu niliuacha! Daktari wa mifugo aliniambia ukivuta, sindano inazama kwenye nyama ya koo. Na uzi ukiwa umeshafika tumboni, unaweza kuyakunja matumbo na kuyakata.

Jirani, kwa nia njema kabisa, alikuja na kikombe cha maji ya chumvi ili mbwa atapike. Nilikataa. Kitu chenye ncha kinachoma mara ya pili kikirudi, na chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa.

Sikumpa chakula wala maziwa. Nilimfunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda. Picha ya eksirei ilionyesha sindano imelala nyuma ya ulimi. Alipewa dawa ya usingizi, sindano ile ikatolewa.

Wenzangu mafundi, hesabuni sindano kabla ya kufunga kazi. Zangu sasa nazichomeka kwenye kimto cha sponji, ndani ya kopo lenye mfuniko.

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro