Wanangu Mnaosomesha Watoto Nyumbani, Mchagua Jembe Si Mkulima

Wanangu,

Alhamisi iliyopita mlinialika kwenye kikao chenu kule Mbezi Beach. Mkanikalisha kwenye kochi la heshima, mkanipa dafu, kila mmoja akanipa shikamoo yake. Nawashukuru. Mliniomba niseme neno kabla sijaondoka, nikasingizia foleni ya Mwenge. Foleni ilikuwepo kweli, lakini nilikuwa na hasira, na mtu mzima mwenye hasira kwenye nyumba ya watu ni heri afunge mdomo. Siku nne zimepita na haijapoa, kwa hiyo naandika.

Mlikuwa akina mama sita na baba mmoja. Saa mbili nzima mlizungumzia mitaala. Huyu ana wa Cambridge, yule ana wa Kimarekani wa vijitabu ambavyo mtoto anajaza mwenyewe, mwingine amempenda yule mama wa Kiingereza, Charlotte Mason, aliyefariki 1923, aliyetaka vipindi viwe vifupi na watoto wapelekwe nje wakaangalie miti na ndege. Mwenyeji wetu akasema, tena akicheka, kwamba yeye huu ni mtaala wake wa tatu ndani ya miaka miwili, na wa nne ameshauagiza, uko njiani. Bei aliyoitaja mimi ningeezekea chumba na baraza yake.

Pembeni yenu binti yake wa miaka kumi alikuwa anapaka rangi piza. Nikamsogelea, nikamuuliza: nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi? Akaandika haraka, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, 2/5. Kajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, yaani namba za juu kwa za juu, za chini kwa za chini. Kosa hilo nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu miaka 37, halinishtui. Kilichonichoma ni madaftari yake. Niliyafunua kurudi nyuma. Mtaala wa kwanza alipaka rangi vipande vya karatasi. Wa pili alipaka rangi keki. Huu wa tatu, piza. Mara tatu mtoto huyu amefundishwa maana ya sehemu, na mara tatu, kabla hajafika kwenye KDS, kigawe kidogo cha shirika, kitabu kimefungwa, kingine kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Ana miaka miwili yuko sura ya kwanza!

Nikaomba chapati. Binti wa kazi akaleta moja kwenye sahani, ya moto, nikaikata vipande sita. Nusu yake vipande vingapi? "Vitatu." Theluthi? Mtoto akanyamaza, akavisogeza kwa kidole viwili viwili. "Viwili." Kabla hajavijumlisha, yule binti aliyekuwa bado amesimama akasema taratibu, "Sehemu tano ya sita." Hakuna aliyegeuka. Akaambiwa akaangalie maharage. Kipande cha sita kaka mtu alishakila.

Nitarudi kwa huyo binti.

Kwanza hili la mitaala. Mwaka 1977, nilipoanza kazi Temeke, taifa lilikuwa limeamua kila mtoto aliyefikia umri wa shule aandikishwe. Nilipewa darasa la watoto 112. Kitabu kimoja kiligombaniwa na wanane, na wa nyuma kabisa walikalia matofali. Hatukuwa na mtaala wa kuchagua. Tulikuwa na muhtasari wa masomo, na kila Januari unakaa chini unaandika azimio la kazi kwa mkono: wiki hii hiki, wiki ile kile. Jioni unaandika andalio la somo la kesho. Muhtasari ulikuwa na mapengo yake, tena makubwa, na mengine tuliyaziba kwa mawe na vijiti vya kuhesabia. Lakini ukiniuliza mwezi wa nane darasa limefika wapi, nilikuonyesha kwa kidole. Ninyi mna kompyuta, mna printa, mna watoto watatu tu mezani, nami nikawauliza watoto wenu wamefika wapi, mkanitajia jina la mtaala.

Tena hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba Taasisi ya Elimu, pale Mikocheni, imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni na kuvisoma ni bure. Sisemi vitabu hivyo havina kasoro, mimi mwenyewe vingine nilivigombeza ukurasa kwa ukurasa. Nasema mngevifungua kabla ya kutoa kadi ya benki. Kuna watu cha bure hakiwaingii mpaka kiwekewe bei ya dola.

Shikeni mmoja. Sijali upi. Wa Kiingereza, wa Kimarekani, wa hapa nyumbani, shikeni mmoja miaka mitatu. Sura isipokufaa ruka sura, usitupe kitabu. Nunua kaunta buku, kila jioni andika mistari minne: leo tumefanya nini, mtoto kakwama wapi, kesho tunaanzia wapi, nani aliugua au umeme ulikatika saa ngapi. Hilo ndilo azimio lako la kazi. Mtoto akikwama wiki mbili, usikimbilie kuagiza kitabu kingine. Kaa naye. Kukwama ndiko kujifunza kwenyewe. Mwalimu anayehama kila mtoto anapokunja uso anamfundisha kwamba kila kigumu kina mlango wa nyuma, na hilo mtoto analishika kwa siku moja, kuliko KDS.

Nimepandisha sauti, najua. Mnisamehe.

Jingine dogo, ila lilinichekesha kabla ya kunisikitisha. Nilimuuliza yule mdogo wa miaka saba wanakula chakula cha mchana saa ngapi. Akanijibu, "Saa moja, Bibi." Nikasema maskini, wanakula na jogoo! Kumbe kasoma saa kwenye kitabu cha wenzetu, akaigeuza neno kwa neno. Anajua kusoma saa ya ukutani vizuri sana, hajui saa saba. Ukutani mmebandika michoro yake ya majira manne ya mwaka, na majani mekundu yanadondoka. Nje ya dirisha hilo hilo kuna mkungu, majani yake mekundu yametapakaa uani, yanafagiliwa na kuchomwa, na hakuna aliyemwita mtoto aje ayaokote. Huyo Charlotte Mason wenu angelia. Masika hayajui, vuli haijui, pepo za kusi na kaskazi hajawahi kuzisikia. Mnaishi dakika chache kutoka Kunduchi. Mpelekeni kwa wavuvi mwezi ukiandama na ukiwa mpevu aone bamvua, maji yanavyojaa na kupwa sana, arudi wiki moja baadaye aone maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, aulize kwa nini. Hiyo ni sayansi ya mwezi mzima, nauli yake ni ya bajaji. Unga upimeni kwa kibaba, vibaba vinne pishi moja, mpe na hela akanunue gengeni na arudi na chenji iliyotimia. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi imefunguliwa tangu 1967. Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert. Nendeni.

Sasa mambo ya serikali, nayasema kwa kifupi maana mnayakwepa. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyetimiza miaka saba. Msijifiche na watoto nyuma ya geti kama mnaficha mahindi ya magendo. Mfuateni afisa elimu kata, mkaeleze mnachofanya, msikilize mtakachoambiwa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mtoto husajiliwa kupitia shule, kwa hiyo lazima muwe na uhusiano na shule fulani mapema. Na mwenye nia ya kumrudisha mtoto darasani aangalie mabadiliko: mtaala mpya ulioanza 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba, ndiyo maana walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza 2027, mwaka mmoja na wale waliokuwa darasa la nne. Ukimrudisha bila kujua, utamweka darasa ambalo si lake. Mwenye kufuata Cambridge naye aulize vituo vya mtihani na ada yake sasa hivi, asisubiri mtoto aote ndevu.

Msidhani siwaelewi mlivyowatoa watoto shule. Nawaelewa. Mji huu unaamsha mtoto wa chekechea saa kumi alfajiri, anapandishwa basi la shule akiwa usingizini, anarudi jua limezama na begi zito kuliko yeye, halafu anatumwa tuisheni. Tunawavisha joho watoto wa miaka mitano, tunapiga picha, tunaita mahafali. Tunawapanga nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, mpaka wa mwisho anaacha kunyoosha mkono. Na sisi walimu tulichapa. Mimi pia nilichapa, na wako niliowachapa kwa kutojua kusoma, na nikikutana nao leo sokoni wananipa shikamoo na ninatazama chini. Kwa hiyo mliposema mnataka mtoto ajifunze bila hofu, moyo wangu ulikuwa upande wenu, na bado uko.

Akina baba: fundisheni somo moja, hata moja tu. Yule mmoja aliyekuja Alhamisi alikuwa anasubiri kumrudisha mkewe. Akina mama: laleni mchana, siku ya kufua nguo iwe siku ya kufua nguo tu.

Narudi kwa yule binti. Ndiye aliyenisindikiza kituoni, akanibebea mkoba. Ana miaka 19, aliishia darasa la saba kwao Singida. Nikamuuliza sehemu kajifunza wapi. "Nilishasahau, Mwalimu. Ila mtoto akifundishwa nami nikiwa nakosha vyombo, nakumbuka." Mara tatu mtoto amerudishwa sura ya kwanza, na mara tatu huyu kasikiliza kutoka jikoni mpaka yakamkaa. Basi mama mwenye nyumba, ile mitaala yako kuna aliyefaidika nayo.

Baraza la Mitihani lina Mtihani wa Maarifa, ule watu wanauita QT, kwa ajili ya mtu kama yeye ambaye hakukaa katika darasa la sekondari. Akiufaulu, anaruhusiwa kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya wa kidato cha nne. Ada yake ni ndogo kuliko huo mtaala wa nne ulioko njiani. Mimi nitamfundisha hisabati na Kiswahili, sitaki malipo, nataka kiti chake kiwe mezani pamoja na watoto, na maharage yaangaliwe na mtu mwingine kwa muda huo.

Alhamisi ijayo nitafika saa nne. Saa nne ya kwetu, mwambieni na yule mdogo.

Ni mimi bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam